Sumu ya Kuvu

Karanga na mahindi vikiwekwa ghalani vingali na majimaji, huota kuvu. Kuvu si vumbi. Ni kiumbe hai: hula, hukua, huzaa. Mbegu zake ni ndogo mno, nazo hupeperushwa na upepo. Hukaa udongoni, hungoja joto na unyevu. Hapa Kindu, kando ya mto Lualaba, vyote viwili viko tele.

Kuvu moja, Aspergillus flavus, hutengeneza sumu kali iitwayo aflatoksini. Huitengenezaje?

Fikirini kazi ya mawese. Mmoja huangusha mkungu, wa pili huchemsha ngazi, wa tatu hutwanga, wa nne hukamua. Akikosekana mmoja, mafuta hayapatikani. Ndani ya kuvu pia mna wafanyakazi, wadogo wasioonekana kwa macho. Huitwa vimeng'enya. Cha kwanza huunganisha vipande vidogo vya chakula cha kuvu. Cha pili hubadili kidogo kile alichopokea, halafu hukipitisha kwa mwenzake. Na hivi hivi mpaka mwisho. Mwisho wa kazi ni sumu.

Maagizo ya kuumba wafanyakazi hao yamo ndani ya kuvu yenyewe. Huitwa jeni. Jeni za kazi hii ni 25 au zaidi, nazo zimepangwa jirani. Moja ni kama kapita: ikiamka, nyingine huanza kazi, ikinyamaza, sumu haitengenezwi.

Sumu hii haionekani, na moto wa jikoni hauimalizi. Huharibu ini. Ikiliwa kidogo kidogo miaka mingi, yaweza kuleta kansa ya ini. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa karanga zenye sumu hii. Mwaka 2004, katika Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu waliweka mahindi yasiyokauka. Waliougua walikuwa 317. Kati yao 125 walikufa.

Basi, watoto, anikeni mavuno upesi, juu ya mkeka, si juu ya udongo. Tikiseni karanga: zikilia ndani ya ganda, zimekauka. Zilizosinyaa, zilizoota kuvu na zilizotobolewa na wadudu zitupeni. Msiwape hata kuku. Penye ukavu kuvu haikui, na kapita wake hapati kazi.

Maswali
1. Vimeng'enya hufanya kazi gani ndani ya kuvu?
2. Kwa nini haitoshi kupika mahindi yaliyoota kuvu?
3. Nyumbani kwenu karanga huanikwa wapi?