Kuhama kwa ajili ya kifua: kwanza nenda ukaone mwezi wa nane

Tumchukue baba mmoja wa Kolwezi kama mfano. Ninyi wenyewe mnamjua, maana yuko katika kila kambi ya wafanyakazi. Ameshika mashini ya kutoboa mawe chini ya ardhi miaka 23. Sasa akipanda ngazi za lopitalo anasimama mara mbili kabla ya kufika juu. Ameambiwa ana silikozi. Siku moja anamwambia munganga:

— Mwanangu, nimeamua. Nauza nyumba, narudi Lubudi kwa mdogo wangu. Hewa ya kule ni safi.

— Ni vizuri, baba. Ulikwenda lini mara ya mwisho?

— Mwezi wa pili, kwa matanga ya mama mkubwa.

— Mwezi wa pili ni mvua, baba, na mvua inalaza vumbi. Nenda tena mwezi wa nane, kisha urudi tuzungumze.

Baba alikasirika kidogo. Lakini munganga hakumkataza kuhama. Alimwomba tu akaone kwanza, na ukurasa wetu wa leo unaeleza kwa nini.

Wafanyakazi wengi wanajua jina la silikozi bila kujua inavyofanya kazi. Mawe ya migodi yana kwarzi. Ukiyatoboa makavu, bila maji, yanatoa vumbi la aina nyingi. Lile unaloliona kwenye nyusi zako ni vumbi kubwa. Pua inalizuia, na mate yanalitoa. Vumbi baya ni lile usiloliona. Linashuka mpaka mwisho wa mapafu, linakaa, na mahali lilipokaa panakuwa kovu gumu. Kovu halijai hewa. Hakuna dawa ya kuliondoa, wala maziwa hayaliondoi, ingawa wazee wetu waliyaamini sana. Tena ugonjwa unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi ya vumbi. Mwaka 1930 waganga wa nchi mbalimbali walikutana Johannesburg, kwa wito wa Shirika la Kazi la Kimataifa, kuzungumza juu ya ugonjwa huu peke yake. Kwa hiyo unajulikana siku nyingi. Hakuna jirani aliyekutupia. Anayehama ili kumkimbia jirani mchawi anapoteza nauli yake.

Basi, kama kovu haliondoki, kuhama kunasaidia nini? Kunasaidia kupunguza yale yanayoongezwa juu ya kovu: vumbi la barabara, moshi, tumbaku, mafua ya kila mwezi, kupanda na kushuka na mizigo. Mapafu yaliyobaki ni machache, usiyape kazi ya bure. Ukihama ukayakuta mambo hayo hayo mahali pengine, umebadili jina la mtaa tu.

Neno hili la "kubadili hewa" lina historia yake. Kabla ya dawa za kifua kikuu, wagonjwa wa Ulaya walipelekwa milimani, kama kule Davos katika Uswisi, mahali palipo juu kuliko Kolwezi. Walilala kwenye baraza wakivuta hewa baridi. Dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya kifua kikuu, streptomisini, iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na hospitali hizo za milimani zikapoteza kazi yake. Lakini watu wamebaki na wazo kwamba mlima unaponya kila kifua. Kwa mwenye silikozi au bronkiti ya muda mrefu, mlima ni adui. Kadiri unavyopanda, ndivyo oksijeni inavyopungua. Kolwezi iko kwenye mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Pumzi moja hapa inakupa kama sehemu 85 za oksijeni pale ambapo mtu wa pwani anapata 100. Ukiteremka mpaka Bukama, kando ya Lualaba, chini ya mita 700, unapata zaidi ya 90. Ni faida, lakini Bukama ina joto kali na mbu wengi, na malaria inamchosha mwenye kifua kibovu kuliko mtu mwingine. Kabla ya kuamua, mwombe munganga akupime oksijeni kwa kile chombo kidogo cha kubana kidoleni, umekaa na pia baada ya kutembea.

Sasa turudi Lubudi. Ni mji wetu, tunaupenda, lakini tuseme kweli: ulikua pamoja na kiwanda cha simenti na machimbo ya mawe ya chokaa, kando ya reli. Mahali pa namna hiyo swali la kwanza ni kiwanja kiko upande gani. Wakati wa kiangazi upepo wa huku kwetu hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Nyumba iliyo magharibi au kaskazini-magharibi ya machimbo, ya tanuri la matofali au ya barabara ya udongo yenye malori itapokea vumbi lote kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa. Nyumba iliyo upande wa pili wa barabara hiyo hiyo itapokea kidogo. Tazama majani ya mwembe uani: yakiwa meupe au mekundu kwa vumbi, umeshapata jibu bila kumwuliza mwenye kiwanja.

Ndiyo maana munganga alisema mwezi wa nane. Ni wakati wa vumbi, na ni wakati wa watu kuchoma majani porini. Kaa kwa ndugu yako wiki tatu au nne kabla hujauza hata kiti. Chukua kijitabu. Kila asubuhi andika: usiku nimekohoa mara ngapi, nimelala chali au nimekaa, nimetembea mpaka wapi kabla ya kusimama, nimetumia dawa ya kupuliza mara ngapi. Fanya hivyo hivyo wiki tatu ukiwa Kolwezi. Kijitabu hicho kitasema kweli kuliko moyo wako, maana moyo unataka nyumbani.

Mama, sehemu hii ni yako. Moshi wa kuni na makala unaingia kwenye mapafu yale yale. Nyumba ya kuhamia iwe na jiko lake mbali, lenye pande wazi, na mlango wa chumba cha mgonjwa usitazame jikoni. Usiku wa baridi wa mwezi wa sita watu wanaingiza mbabula chumbani na kufunga madirisha. Usifanye hivyo hata siku moja! Makala yanatoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wazima wenye mapafu mazima, sembuse huyu. Blanketi la pili ni rahisi kuliko jeneza. Na usiogope kulala karibu na mume wako: silikozi haiambukizi mke wala watoto.

Kifua kikuu ndicho kinachoambukiza, na kinapenda mapafu yenye silikozi kuliko mapafu mengine. Kwa hiyo kabla ya kwenda kuishi na wajukuu, mgonjwa apimwe makohozi. Kikohozi kilichobadilika, kikapita wiki mbili, jasho la usiku, mwili kupungua, damu kwenye makohozi: hizo si dalili za uzee. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika mpango wa taifa, na kwa kawaida hutumika miezi 6. Ukiwa katikati ya dawa, usihame mpaka kituo cha kule kimeandikiwa na kimekubali kukupokea.

Sasa makaratasi. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Aliyeondoka kazini aliondoka pia kwenye lopitalo ya kampuni na shule ya watoto. Mwenye kifua kibovu alijikuta anaanza upya mbele ya munganga asiyemjua, bila picha ya mapafu na bila barua. Wewe usiondoke hivyo. Chukua picha za radio, za zamani na za mpya, kwa sababu ni kwa kuzilinganisha munganga anaona ugonjwa unakwenda mbio au polepole. Zilaze kati ya mbao mbili au karatasi ngumu, usizikunje. Omba barua yenye jina la ugonjwa, dawa na vipimo. Omba cheti cha kazi kinachoonyesha miaka yako na kazi uliyofanya hasa. Neno "mfanyakazi" peke yake halitoshi, kiandikwe kwamba ulitoboa au ulisaga mawe.

Na kama ugonjwa umetokana na kazi, anza kuutangaza CNSS (ile tuliyoiita INSS) ungali hapa, karibu na mwajiri na lopitalo iliyokupima. Sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2016 inahesabu magonjwa ya kazi pamoja na ajali za kazi. Delege wa wafanyakazi akusaidie kujaza karatasi. Uliza pia malipo utayachukulia wapi ukishahama, na nani atakwenda kwa niaba yako siku huwezi kusafiri.

Dawa ya kupuliza ya salbutamoli mara nyingi ina mipulizo 200 katika kopo moja. Anayevuta 8 kwa siku anaimaliza siku 25. Kulitikisa kopo hakukuambii kilichobaki, hesabu kwa kalamu. Wakati wa ule mwezi wa kujaribu, pita lopitalo ya Lubudi na maduka ya dawa, uliza kama wanayo na kwa franka ngapi. Kama haipo, mtoto wako wa Kolwezi ataituma kwa nani, na kwa gari gani?

Jambo moja ambalo mababa hawapendi kusikia. Kijijini hakuna mshahara, na baada ya miezi michache mtu anachukua nyundo kupasua kokoto, au anafuata vijana kwenye mashimo. Vumbi hilo ni lile lile, tena bila maji na bila maski. Panga kabla ya kuhama utakula nini: kuku, bustani ndogo ya mboga karibu na maji, duka la dirishani.

Siku ya safari mgonjwa asipakie mizigo, na asikae nyuma ya lori. Akae mbele na dereva, dirisha limefungwa. Dawa na picha za radio zisiingie kwenye mizigo, akae nazo magotini. Kama ni treni, kutoka Kolwezi inapitia Tenke. Beba dawa za siku zaidi ya zile unazodhani, kwa sababu reli yetu tunaijua.

Na baba yetu wa mfano? Alikwenda mwezi wa nane. Kiwanja cha mdogo wake kiko chini ya upepo, mita 40 kutoka barabara ya malori. Sasa wanazungumza juu ya kiwanja kingine, upande wa mto.