Mtegaji Mwaminifu: Michezo ya Visa katika Kompyuta za Zamani za Nyumbani

Kitendawili kina sheria zake. Anayetega hutangaza, "Kitendawili!" nao wasikilizaji hujibu, "Tega!" Wakishindwa kufumbua humpa mji, naye huuzunguka mji huo kwa maringo, kisha huwapa jibu. Lakini ipo sheria nyingine ambayo haitajwi mara kwa mara, nayo ndiyo inayoubeba mchezo wote: jibu likishatolewa, kila aliyeshindwa hana budi kushika kichwa na kusema, "Kumbe! Lilikuwa mbele ya macho yangu." Mtegaji ambaye jibu lake halimo katika maneno yake hakutega kitendawili. Amewahadaa wenzake, nao hawatampa mji mara ya pili.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyotenganisha pumba na mchele katika michezo ya visa ya kompyuta, hasa ile iliyotungwa katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kompyuta za nyumbani kama vile Commodore 64, Atari ST na Amiga. Katika michezo ya aina hii, mchezaji humwongoza mhusika wa hadithi kutoka chumba hadi chumba na kisiwa hadi kisiwa. Aghalabu halengi shabaha wala hapimwi kwa wepesi wa vidole. Kazi yake ni kutazama, kuokota vitu, kuzungumza na watu na kufumbua mafumbo. Wapo wanaoiita michezo hiyo upuuzi wa watoto. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ilikuwa ni fasihi ya mafumbo, na kwamba iliyodumu katika mapenzi ya watu ni ile iliyomtendea mchezaji haki.

KUTOKA MANENO HADI KISHALE

Asili ya michezo hii ni pango. Mwaka 1976, Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyekuwa pia mpelelezi wa mapango, alitunga hadithi ya kompyuta kwa kufuata pango la kweli la Mammoth lililoko Kentucky. Mwaka uliofuata Don Woods aliipanua. Hapakuwa na picha hata moja. Kompyuta ilieleza kwa maandishi mahali alipo mchezaji, naye aliandika amri fupi za kuingia, kutoka au kuchukua taa. Mwaka 1980 Roberta Williams na mumewe Ken walitoa Mystery House kwa kompyuta ya Apple II, mchezo uliotia picha za mistari myeupe juu ya maandishi.

Hata hivyo, picha hazikuondoa tatizo la msingi. Mchezaji alilazimika kuandika amri, na kompyuta ilielewa maneno machache tu. Mtu aliyekwisha kufahamu kwamba kamba yafaa ikatwe aliweza kukaa saa nzima akijaribu kitenzi hiki na kile, kwa kuwa hakujua ni kipi mtungaji alichokiweka. Kufumbua fumbo na kubahatisha msamiati ni mambo mawili mbalimbali. Zaidi ya hayo, amri ziliandikwa kwa Kiingereza. Mchezaji ambaye lugha hiyo si yake alishindwa mara mbili: mara moja na fumbo, mara ya pili na tahajia.

Ufumbuzi ulikuja kwa njia ya kipanya. Douglas Engelbart alikionyesha hadharani huko San Francisco mwezi Desemba 1968, lakini kilisubiri hadi miaka ya 1980 kuingia majumbani, pamoja na Macintosh ya mwaka 1984, kisha Atari ST na Amiga za mwaka 1985. Mwaka huo wa 1985, kampuni ya ICOM Simulations ilitoa Déjà Vu kwa Macintosh, mchezo wa upelelezi ambamo mchezaji alielekeza kishale juu ya mlango au droo, akabofya, na jambo likatendeka.

Mwaka 1987 kampuni ya Lucasfilm Games ilitoa Maniac Mansion, kazi ya Ron Gilbert na Gary Winnick, kwanza kwa Commodore 64 na Apple II. Yafaa tukumbuke udogo wa chombo kilichotumika. Commodore 64 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu na rangi 16, na upande mmoja wa disketi yake ulibeba takriban kilobaiti 170. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo haitoshei katika nafasi hiyo. Ndani ya ufinyu huo waliweka jumba zima, vijana saba ambao mchezaji huongoza watatu miongoni mwao, na miisho kadhaa ya hadithi. Chini ya picha walipanga vitenzi: fungua, funga, sukuma, vuta, chukua, tumia. Mchezaji alichagua kitenzi, kisha kitu, mara nyingi kwa kijiti cha kuongozea kwa kuwa wengi hawakuwa na kipanya. Hapakuwa tena na haja ya kubahatisha. Maneno yote yaliwekwa wazi mezani, kama karata zilizofunuliwa.

MTEGAJI ANAPODANGANYA

Lakini kuondoa kubahatisha hakukutosha kuleta haki. Mwaka 1990 kampuni ya Sierra On-Line, iliyoasisiwa na akina Williams, ilitoa King's Quest V, mchezo wa kwanza katika mfululizo huo kuachana na amri za kuandika. Picha zake zilikuwa za kupendeza mno. Mfalme Graham anapanda milima ya theluji, njaa inamshika, naye mfukoni ana pai. Mchezaji anamlisha pai hiyo na safari inaendelea kana kwamba hakuna lililoharibika. Mbele kidogo anatokea zimwi la theluji, na silaha ya pekee ya kulishinda ni pai ileile kurushwa usoni mwake. Aliyeila hana tena njia ya kupita. Mchezo haukumwonya alipokuwa akiila, na kama hakuhifadhi nakala ya awali, arudi mwanzo.

Huo si werevu. Ni sawa na mtu akuulizaye njia ya kwenda sokoni, kisha akulaumu kwa kutojua kwamba daraja lilivunjwa jana usiku.

Gilbert aliyaona makosa ya namna hiyo, na mwaka 1989 aliandika makala ya kuyakosoa. Hoja zake zilikuwa nyepesi kueleweka: mchezaji asilazimike kufa ili ajifunze kwamba mahali fulani pana hatari, asinyimwe ushindi kwa sababu hakuokota kitu saa nyingi zilizopita, na lengo lake lijulikane kabla hajapewa ufunguo. Alikuwa na haki ya kusema, maana hata Maniac Mansion haikuwa safi. Humo, mchezaji akiliacha bwawa la kuogelea bila maji kwa muda mrefu, mtambo wa nyuklia ulio chini ya nyumba hukosa kupozwa, na jumba zima hulipuka.

Si kweli kwamba mchezo wenye adhabu kali ni lazima uwe dhalimu. Police Quest ya mwaka 1987, ambayo Sierra iliitoa tena mwaka 1992 kwa mtindo wa kubofya, ilitungwa na Jim Walls, aliyekuwa polisi wa barabara kuu za California. Mchezaji asipolizunguka gari na kulikagua kabla ya kuondoka, gurudumu huishiwa upepo na kazi inakomea hapo. Adhabu hiyo ni kali, lakini utaratibu ulichapwa katika kitabu kilichouzwa pamoja na mchezo. Askari yeyote aliyepata mafunzo analifahamu zoezi hilo la kukagua gari. Amri iliyotangazwa si hila.

SANAMU CHINI YA BAHARI

Mchezo uliotimiza sheria ya kitendawili kuliko yote ni The Secret of Monkey Island wa mwaka 1990, uliotungwa na Gilbert pamoja na Tim Schafer na Dave Grossman. Kijana aitwaye Guybrush Threepwood anataka kuwa haramia katika visiwa vya Karibea. Tangu mwanzo lengo linajulikana: afuzu majaribio matatu, yaani upanga, wizi na kuchimbua hazina.

Katika jaribio la upanga, ushindi haupatikani kwa mkono bali kwa ulimi. Maharamia hutukanana kwa zamu, na kila tusi lina jibu lake moja la kulizima. Mchezaji hushindwa mwanzoni, lakini kila anaposhindwa hujifunza tusi jipya, akaenda kulijaribu kwa mwingine na kupata jibu lake. Hatimaye hukutana na bingwa wa upanga, ambaye matusi yake ni mapya yote. Hapo ndipo penye utamu: majibu yaleyale ya zamani yanafaa, ila yanahitaji kupangwa upya. Sisi tuliolelewa katika utani wa makabila na katika majibizano ya washairi magazetini tunalijua pambano hilo vizuri. Maarifa yote mchezaji anayo tayari. Kilichobaki ni akili.

Baadaye Guybrush anatupwa baharini, amefungwa kamba kwenye sanamu zito. Pembeni yake vimetapakaa vitu vya kukatia kamba vya kila namna, na vyote viko mbali kidogo na urefu wa mkono. Mchezaji huhangaika na kila kimojawapo. Jibu ni kulibeba sanamu lenyewe na kutembea hadi nchi kavu! Ndugu msomaji, hapo hakuna asiyecheka na kujilaumu. Tena mtungaji alitoa muda wa kutosha: Guybrush alikwisha kujigamba kwamba aweza kuzuia pumzi kwa dakika kumi, na ni baada ya dakika kumi kamili tu ndipo anapokufa. Hata kifo kilitangazwa mapema.

KINSHASA ISIYO KINSHASA

Haki, hata hivyo, haimhusu mchezaji peke yake. Inawahusu pia wanaosimuliwa. Mwaka 1988 kampuni hiyohiyo ya Lucasfilm ilitoa Zak McKracken and the Alien Mindbenders, kazi iliyoongozwa na David Fox. Shujaa wake, mwandishi wa gazeti la udaku, husafiri kwa ndege hadi Cairo, Lima, Kathmandu na kwingineko, pamoja na Kinshasa. Akitoka katika uwanja wa ndege wa Kinshasa, anaingia moja kwa moja katika msitu wa kupotea, na ndani yake mna kijiji cha mganga.

Mwaka 1988 Kinshasa lilikuwa jiji la mamilioni ya watu, jiji la Franco na bendi yake ya OK Jazz, ambayo nyimbo zake zilipigwa katika kila mtaa wa Afrika Mashariki. Mchezo ulikuwa wa mzaha, na kilobaiti zilikuwa chache. Lakini hakuna upungufu wa kumbukumbu uliomlazimisha mtu kuchora msitu mahali penye barabara. Mtegaji asiyeijua nchi hutega kwa yale aliyoyasikia.

KAZI ILIYO MBELE

Kampuni ya Commodore ilifilisika mwaka 1994, na disketi za zama zile zinazidi kuharibika. Hata hivyo, michezo mingi imeokolewa. Mwaka 2001 ilianzishwa programu ya ScummVM, nayo huiwezesha kuchezwa katika kompyuta na simu za leo. Beneath a Steel Sky, mchezo wa Kiingereza wa mwaka 1994, umetolewa bure kwa idhini ya wenyewe tangu mwaka 2003. Na anayetaka kutunga mwenyewe anayo Adventure Game Studio, programu iliyoanzishwa na Chris Jones mwaka 1997, nayo haidai ada yoyote.

Kwa hiyo kisingizio cha kukosa vyombo kimepungua nguvu. Bibi zetu wametuachia ghala la vitendawili, na hekaya za Abunuwasi ni mafumbo matupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kijana atakayeyatia hayo katika kompyuta atawaonyesha walimwengu Kinshasa iliyo Kinshasa na Zanzibar iliyo Zanzibar. Asisahau tu sharti la watangulizi wake: atege kwa uaminifu, ili anayeshindwa ampe mji kwa moyo mkunjufu, na kesho yake arudi kuomba kitendawili kingine.