Mdhibiti au mwongozaji wa setilaiti?

Mwalimu mmoja wa Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu, ameniuliza: mtu anayesimamia mwendo wa setilaiti za mawasiliano akiwa ardhini tumwiteje? Wengi husema 'mdhibiti'. Neno hilo halinitoshi.

Hebu tuanze na kazi yenyewe. Setilaiti nyingi za televisheni huwa juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, zikizunguka sambamba na dunia. Ndiyo maana dishi za Turbo, zikishafungwa, hazihitaji kugeuzwageuzwa. Hata hivyo, mvuto wa jua na mwezi huzitoa setilaiti hizo njiani polepole. Mtaalamu huyu hufuatilia mahali zilipo, kisha hutuma amri kwa mawimbi ya redio ili injini zao ndogo ziwake na kuzirejesha.

'Kudhibiti' ni kuzuia kitu kisipite kiasi; tazama 'Mdhibiti wa Bajeti'. 'Kuongoza' ni kuonyesha njia, na tayari tuna 'mwongozaji ndege'. Hata 'rubani' aliongoza vyombo baharini kabla ya kupaa angani. Napendekeza 'mwongozaji setilaiti'. Mwanafunzi ataitamani vipi kazi ambayo lugha yake haijaipa jina?