Anayeshika Kalamu Kaunta

Mwanamke aliyepigwa na mumewe anapofika kituoni, sheria yote ya nchi humsubiri mkononi mwa askari mmoja aliyekaa kaunta. Askari akiandika, kesi ipo. Akimwambia "nendeni mkayamalize nyumbani," haipo, hata kama Bunge lilikesha kuitunga hiyo sheria. Mwaka 1944 msomi Donald Kingsley, akichunguza utumishi wa umma wa Uingereza, alieleza jinsi watumishi wanavyotawala kwa mawazo ya tabaka walilotoka. Wanawake hawakuwa hoja yake kuu. Waliomfuata ndio waliouliza kama jinsia nayo hupenya katika maamuzi madogo ya ofisini. Mimi naona hupenya, ila kwa sharti moja: mtumishi mwanamke awe na kalamu, na awe pale pale watu wanapopita.

Ushahidi mzuri unatoka India. Katika jimbo la Madhya Pradesh, watafiti walishirikiana na polisi katika vituo 180, vikagawanywa kwa bahati nasibu: baadhi vikapewa dawati la kuhudumia wanawake, vingine vikaachwa kama vilivyokuwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science. Vituo vyenye dawati vilisajili kesi nyingi zaidi za ukatili dhidi ya wanawake, na ongezeko la kesi za jinai lilionekana hasa pale dawati liliposimamiwa na askari wa kike. Hapo ndipo penye uzito. Chumba cha faragha na mafunzo vilivyoambatana na dawati vilisaidia, lakini aliyekaa humo naye alikuwa na maana yake.

Mtu atasema: basi tuwajengee wanawake vituo vyao kabisa. Jimbo la Haryana, India hiyo hiyo, lilifanya hivyo mwaka 2015, likafungua vituo vya polisi wanawake watupu katika wilaya zake. Mtafiti Nirvikar Jassal alipovichunguza aligundua kwamba vituo vya kawaida vilipata pa kusukumia mzigo. Mlalamikaji aliyefika kituo cha jirani alielekezwa kile cha wanawake, mara nyingi mbali zaidi, na huko alikuta usuluhishi wa kifamilia ukimsubiri kabla ya jalada. Askari walikuwa wanawake. Kazi waliyopewa ilikuwa kupatanisha.

Pingamizi lingine ni la sifa, kwamba kazi apewe anayeiweza. Sawa kabisa, lakini kumfanya mtu aliyejaa aibu aeleze alichotendewa bila kukimbia ni uwezo wa kazi pia, ingawa sijui ni usaili gani huupima. Ni kweli vilevile kwamba wapo askari wa kike wakali kuliko wanaume, maana mwanamke mmoja kati ya wanaume ishirini hujifunza haraka lugha ya wenyeji wake. Anahitaji wenzake, cheo, na bosi asiyemcheka.

Tanzania tunalo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Kwa kila dawati ningeuliza: askari wake anaweza kufungua jalada mwenyewe? Na mlalamikaji akija usiku, askari huyo hayupo, aliyebaki kaunta atampa fomu ya PF3 aende hospitali, au atamwambia arudi asubuhi?