Tusiilaumu Simu Kabla ya Kuikagua Njia

Miongoni mwa maneno yanayoandikwa na simu za kisasa, ni machache yaliyowaudhi watu wengi kama haya: "Imeunganishwa, hakuna intaneti." Mtu huyasoma mara mbili na kuyaona yanapingana. Imeunganishwa na nini basi, ikiwa hapana kitu? Alama ya Wi-Fi iko juu ya kioo, imejaa barabara, lakini ujumbe hauondoki, picha haifiki, na fomu ya shule ya mtoto yazunguka tu bila kufunguka.

Makala haya yamekusudia kueleza maana ya maneno hayo, na kumwonyesha msomaji jinsi ya kuitafuta hitilafu yeye mwenyewe kwa utaratibu. Hatuandiki kwa kuwa sisi ni mafundi. Kazi yetu jeshini ni kupeleka habari. Twaandika kwa sababu ya hasara tuliyoishuhudia kwa macho yetu, na ambayo sisi wenyewe tulikuwa na mkono ndani yake.

KISA CHA KOPLO

Koplo mmoja wa ofisi yetu, kijana mtiifu asiyependa kuwasumbua watu, alifika kazini asubuhi ya Jumatatu akakuta simu yake inaonyesha maneno hayo. Alitaka kumpelekea dada yake aliyeko kijijini stakabadhi ya karo, naye hakuwa na data katika laini yake. Alizima simu akaiwasha. Hali ikawa ile ile. Akatuuliza sisi tuliokaa meza ya pili. Nasi, ambao tulikuwa tukitumia data ya laini zetu bila kujua, tukamjibu pasipo hata kuinua macho kutoka katika karatasi zetu, kwamba simu yake imekwisha kuchakaa na aipeleke kwa fundi mjini.

Fundi hakuuliza swali lolote. Alisema simu ina virusi, akapokea malipo yake, akairejesha simu katika hali ya kiwandani. Yaani akafuta kila kilichokuwamo. Jioni koplo alirudi ofisini, akaandika upya neno la siri la Wi-Fi, na maneno yakatokea tena: imeunganishwa, hakuna intaneti. Muda si mrefu karani akaingia na taarifa kwamba kifurushi cha data cha ofisi kilikuwa kimekwisha tangu Jumamosi, na kwamba ndiyo kwanza kimelipiwa. Dakika chache baadaye simu zote zilizojiunga na kisanduku cha ofisi zikafunguka pamoja, ya koplo ikiwamo.

Lakini ndani ya simu ile mlikuwa na sauti ya mama yake mzazi. Mama huyo hakujua kuandika. Kila alipokuwa na neno la kumwambia mwanawe alilisema kwa mdomo, nalo likapelekwa kama ujumbe wa sauti. Alikuwa amekwisha kufariki dunia. Jumbe zile hazikuwa zimenakiliwa mahali pengine popote. Koplo hakutulaumu. Aliomba ruhusa ya kutoka nje kidogo, nasi tukampa.

SAFARI MBILI, SI MOJA

Kosa letu, na la fundi yule, lilikuwa ni kudhani kwamba Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo hata kidogo.

Wi-Fi ni redio ya masafa mafupi. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997, na jina lenyewe likaanza kutumika mwaka 1999. Kazi yake ni kuiunganisha simu na kisanduku kiitwacho ruta, kilichomo ndani ya chumba au jengo. Mawimbi yake, ambayo kwa kawaida ni ya gigahezi 2.4 au 5, hufika makumi ya mita tu ndani ya nyumba, nayo hudhoofishwa na kuta. Alama iliyo juu ya kioo yaipima safari hiyo fupi peke yake. Ruta iliyokatiwa huduma miezi sita iliyopita, maadamu ina umeme, yaweza kuendelea kulitangaza jina lake hewani, kuuliza neno la siri na kuikaribisha simu kwa heshima zote.

Intaneti ni safari ya pili, na ni ndefu. Kutoka katika ruta, habari hupita katika waya wa nuru au hewani kupitia mnara, hadi kwa kampuni inayotoa huduma. Kwa sisi wa Uganda, ambao nchi yetu haina bahari, habari nyingi zielekeazo ng'ambo huvuka mpaka hadi pwani ya Afrika Mashariki, kisha huingia katika nyaya zilizolala chini ya Bahari ya Hindi. Waya wa Seacom ulianza kazi mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Ni safari ya maelfu ya kilomita, na yaweza kukatika mahali popote.

Simu nayo haibahatishi inapoandika maneno yale. Kila ijiungapo na ruta hutuma swali dogo kwa seva maalumu iliyo mbali. Simu za Android kwa kawaida huiuliza seva ya Google, na jibu linalotakiwa ni namba 204, ambayo maana yake ni kwamba swali limepokewa lakini hapana kitu cha kurudisha. Simu za iPhone huiuliza seva ya Apple. Jibu sahihi likija, hali ni shwari. Likija jibu la namna nyingine, simu hutambua kwamba pana ukurasa wa kuingilia, kama ilivyo katika hoteli nyingi. Lisipokuja kabisa, ndipo simu hutoa taarifa yake: nimefika kwenye ruta salama, lakini ng'ambo hawajibu. Kwa hiyo maneno yale hayapingani. Ni taarifa sahihi ya safari mbili, ya kwanza imefaulu na ya pili imeshindwa.

FUNZO TULILOLISAHAU

Tulipokuwa katika chuo cha maofisa tulifunzwa namna ya kutafuta mkato katika waya wa simu ya vitani. Askari wa mawasiliano hakimbilii kufungua chombo chake. Huchukua simu ya majaribio, akaufuata waya kwa miguu, na kila baada ya umbali fulani huunga simu yake hapo na kupiga nyuma alikotoka. Akijibiwa, ajua kwamba sehemu aliyokwisha kuipita ni nzima. Asipojibiwa, ajua kwamba mkato uko kati ya hapo aliposimama na pale alipojibiwa mara ya mwisho. Huanza karibu, akaenda mbali, wala haruki sehemu hata moja.

Twaona haya kusema kwamba tulilijua somo hilo, tukalifaulu katika mtihani, kisha tukalisahau siku koplo alipotuuliza. Laiti tungalilikumbuka, kazi ingalikuwa ya dakika 2.

SWALI LA KWANZA

Swali la kwanza ni hili: je, simu nyingine iliyojiunga na Wi-Fi hiyo hiyo inapata intaneti? Kabla ya kulijibu, data ya laini katika simu hiyo ya pili sharti izimwe, kwa sababu simu nyingi zikiona Wi-Fi haina kitu huhamia kwenye laini kimyakimya, na mwenye simu akadhani kwamba Wi-Fi ni nzima. Hivyo ndivyo tulivyodanganyika sisi.

Ikiwa simu zote zimekosa, simu yako haina kosa, na hapana sababu ya kuigusa. Hitilafu iko katika ruta au mbele yake. Kwanza tazama kama kifurushi kimekwisha au ankara haijalipwa. Pili, chomoa ruta katika umeme, hesabu hadi 30, uichomeke tena na kuisubiri dakika chache. Tatu, zitazame taa zake. Katika visanduku vingi vya waya wa nuru, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake ni kwamba nuru haifiki. Yamkini waya umekatwa na wachimbaji barabarani au umepindwa nyuma ya kabati. Hapo hapana ufundi wa nyumbani utakaosaidia. Ipigie simu kampuni inayokuuzia huduma, na umweleze mhudumu rangi ya taa hiyo.

IKIWA NI SIMU YAKO PEKE YAKE

Ikiwa wenzako wanapata na wewe hupati, hapo ndipo simu yafaa kuchunguzwa, nako ni kwa kuanza na mambo mepesi.

Zima Wi-Fi ya simu, kisha uiwashe. Ikiwa uko hotelini, hospitalini au uwanja wa ndege, gusa jina la mtandao ule katika mipangilio uone kama kuna ukurasa unaokutaka uandike namba ya chumba au ukubali masharti. Watu wengi huufunga ukurasa huo kwa haraka wakidhani ni tangazo la biashara, kisha wakalalamika.

Itazame tarehe na saa. Jambo hili huonekana dogo, lakini simu iliyoishiwa moto kabisa yaweza kuamka ikidhani kwamba tuko mwaka mwingine. Tovuti za siku hizi huonyesha hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Simu iliyo nyuma kwa miaka huiona hati hiyo kuwa bado haijaanza kazi, nayo huikataa kama mlinzi akataavyo kitambulisho chenye tarehe isiyofaa. Sahihisha tarehe, na mlango utafunguka.

Kisha iamuru simu iusahau mtandao huo, ujiunge upya kwa neno la siri. Kila chombo kinachojiunga hupewa anwani na ruta, na anwani hizo zina idadi yake; ruta ndogo za mfukoni nyingi hazikubali zaidi ya vyombo 10 au 20 kwa wakati mmoja. Ukiona anwani ya simu yako yaanza na 169.254, jua kwamba imejipa yenyewe baada ya kuomba na kutopewa. Jaribu kuwaondoa wageni wachache katika ruta, au uizime na kuiwasha.

Vilevile kumbuka ulichokiongeza mwenyewe. Kama uliweka programu ya VPN, izime. Kama uliandika jina la seva katika sehemu ya DNS ya faragha, jambo lililowezekana tangu Android 9 ya mwaka 2018, irudishe katika hali ya kujiendesha. DNS ndilo daftari linalogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Daftari likikosekana njia yaweza kuwa nzima, lakini simu isijue mlango wa kubisha.

Yote yakishindwa, mipangilio ya simu ina amri ya kuweka upya mipangilio ya mtandao. Amri hiyo hufuta majina ya Wi-Fi yaliyohifadhiwa, maneno yake ya siri na vifaa vya Bluetooth. Haigusi picha, sauti wala jumbe. Msomaji asiichanganye na amri ya kurejesha hali ya kiwandani, ambayo hufuta vyote. Tofauti ya amri hizo mbili ndiyo iliyomgharimu koplo wetu.

HITILAFU ILIYO MBALI

Mara nyingine simu ni nzima, ruta ni nzima, kifurushi kimelipiwa, na bado mambo hayaendi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za Seacom na EASSy zilikatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watumiaji wa Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania wakaona intaneti ikizorota au kutoweka. Hapana fundi wa mtaani ambaye angaliweza kuutengeneza mkato ule. Na ikiwa programu moja tu ndiyo iliyonyamaza huku nyingine zikifanya kazi, yamkini wenye programu hiyo ndio waliopatwa. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kote kwa muda wa saa 6 hivi. Katika hali kama hizo, dawa ni subira.

KABLA YA KUMKABIDHI FUNDI

Hatusemi kwamba mafundi hawafai. Wako wengi hodari na waaminifu, na antena iliyovunjika ndani ya simu haitengenezwi kwa maneno. Lakini kabla ya kumkabidhi fundi simu yako, ndugu msomaji, nakili picha, sauti na namba zako mahali pengine. Kisha mwulize mambo mawili: ameijaribu simu hiyo katika Wi-Fi nyingine, na je, kazi anayotaka kuifanya itafuta kitu? Fundi mwema hatachukia kuulizwa. Asiyetaka kuulizwa, chukua simu yako uende zako.

Ofisini kwetu utaratibu umebadilika. Karatasi imebandikwa ukutani juu ya ruta, yenye tarehe ya kwisha kwa kifurushi na namba ya kampuni. Koplo ndiye aliyeiandika kwa mkono wake, wala hakuna aliyemwamuru. Siku hizi mtu akija akilalamika kwamba simu yake imeunganishwa lakini haina intaneti, yeye humtaka kwanza azime data ya laini, kisha humwuliza jirani yake kama anapata. Nasi tuliokaa meza ya pili tumejifunza kuinua macho kutoka katika karatasi zetu kabla ya kumjibu mtu.