Misambwa, Machaba na Esaro: Matambiko ya Serengeti na Tarime

Mahali pa kutambikia wilayani Serengeti hapajengewi nyumba. Kwa Wanata, Waikoma, Waishenyi na Wangoreme, misambwa, yaani mizimu ya nchi, hukaa kwenye chemchemi, mlimani au penye kaburi la mleta mvua wa zamani, na wazee wa ukoo unaohusika ndio wanaokwenda kuomba mvua na uzima. Waikoma wana zaidi: Machaba, pembe za ndovu ambazo, kwa masimulizi yao, walizipata kwa maelekezo ya mtabiri wa Kitatoga. Watatoga ni wafugaji wa lugha nyingine kabisa, lakini uaguzi wao uliheshimiwa na majirani.

Mahali pengi pa matambiko haya palitenganishwa na wenyewe kwa sababu ya mipaka ya hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na makazi ya kale ya Waishenyi, Nyeberekira, yamo ndani yake. Ikorongo, ambako Wangoreme husema ndiko asili yao, sasa ni jina la pori la akiba. Kaya za Wamijikenda wa Kenya, yaani misitu yao mitakatifu, ziliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008 kwa utakatifu wake. Serengeti iliingia mwaka 1981 kwa wanyama na mandhari, wahenga hawakuhesabiwa.

Kilichosalia zaidi ni sherehe ya kuipoza nchi. Rika linalopokea zamu huzunguka mipaka kwa miguu, likiikinga kwa dawa. Majiko yote huzimwa, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, na kila mji ukachukua wake hapo. Rika lililomaliza zamu hung'atuka.

Kwa Wakurya wa wilaya jirani ya Tarime, kizazi, yaani kundi ambalo mtu huzaliwa ndani yake, hurithiwa: mtoto wa Msaai ni Mnyamburiti, mjukuu Mgamunyere, kitukuu Mmaina, kisha Usaai huanza upya. Baraza la siri la wazee, inchama, ndilo linaloamua kama mwaka unafaa kwa esaro, yaani tohara. Ukikubaliwa, barabara hujaa ngoma, litungu la nyuzi nane na wachezaji waliovaa ebirandi, viatu vizito vya mbao. Sherehe hiyo ina upande wake mchungu: tangu mwaka 1998 sheria inakataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, na bado msimu ukikaribia wapo wasichana wanaokimbilia kituo cha kuwahifadhi cha Masanga hadi upite.