Jino Lililolika na Mwamba: Hesabu ya Msuguano Chini ya Kisima

Biti ya kuchimbia mwamba hufanya kazi mbili kwa mpigo: hukata jiwe, na pia hulisugua. Ikiwa mpya, sehemu kubwa ya nguvu inayoshushwa juu yake huishia kwenye kukata. Kadiri inavyolika, ndivyo nguvu nyingi zaidi inavyopotelea kwenye kusugua, hadi mtambo unanguruma, mafuta yanaungua na kisima hakishuki. Katika visima vya mafuta, gesi au jotoardhi, haya yote hutokea hata kilomita kadhaa chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna jicho la mtu linalofika. Fundi aliye juu ana vipimo vichache tu: uzito ulioegemezwa kwenye biti, nguvu inayotumika kuizungusha, idadi ya mizunguko kwa dakika na kasi ya kushuka. Kutokana na hivyo inambidi ajue kama mwamba umekuwa mgumu au meno yamekwisha.

Biti zinazohusika hapa ni zile zisizo na magurudumu, ambazo meno yake ni vidonge vya almasi iliyotengenezwa kiwandani. Kidonge cha kawaida kina kipenyo cha milimita 13 au 16. Juu kuna tabaka jembamba la almasi, na chini yake kitako cha kabidi ya tungsteni. Kikiwa kipya, ukingo wake ni mkali. Kikishakwaruza jiwe la mchanga kwa saa nyingi, ukingo huo hulika na kuacha bapa dogo linalolala juu ya mwamba. Bapa hilo, ambalo mara nyingi ni dogo kuliko ukucha wa kidole, ndilo kiini cha hesabu yote.

Mwaka 1992 Emmanuel Detournay wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na mwenzake Defourny walichapisha modeli ambayo bado ni msingi wa fani hii. Wazo lao ni jepesi, na wepesi huo ndio nguvu yake. Nguvu zinazolikabili kila jino zinagawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kukata, nalo hukua sawasawa na eneo la mfereji unaochongwa, yaani kina mara upana. Fungu la pili ni la msuguano kwenye bapa. Hili halikati chochote. Linafuata kanuni ya kale iliyoelezwa na Amontons mwaka 1699, kwamba nguvu ya kusugua ni sawa na nguvu ya kugandamiza ikizidishwa kwa namba moja, yaani kizigeu cha msuguano.

Mtu angetarajia namba hiyo iwe ndogo sana, kwa kuwa almasi huteleza vizuri. Sivyo ilivyo. Chini ya bapa hunaswa unga wa jiwe lililopondwa, na unga huo ndio unaoburuzwa juu ya mwamba. Kwa hiyo kinachosuguana hasa ni jiwe kwa jiwe, na namba inayopatikana hukaribia msuguano wa ndani wa mwamba wenyewe. Katika modeli hii, basi, msuguano ni tabia ya mwamba zaidi kuliko ya chombo. Bila jambo hilo ingebidi kila biti ipimwe upya kwa kila hatua ya kulika kwake.

Ukubwa wa hasara unaonekana kwa hesabu fupi. Tuseme mwamba unahimili mgandamizo wa megapaskali 60 chini ya bapa, na kila jino lina bapa la milimita za mraba 20. Kila jino litabeba nyutoni 1,200 kabla halijaanza kukata ipasavyo. Biti yenye meno 30 itameza nyutoni 36,000, karibu uzito wa tani 3.7. Bapa likifika milimita za mraba 60, mzigo huo unakuwa zaidi ya tani 11, na wote ni wa kusugua tu.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kosa linalofanyika kirahisi. Uzito ukiwa mdogo, karibu wote huishia kwenye bapa. Ukiongezwa, mgandamizo hupanda hadi kikomo ambacho mwamba unaweza kuhimili. Kuanzia hapo kila kilo inayoongezwa inakwenda kukata. Anayeionea huruma biti iliyolika kwa kuipunguzia uzito anaiacha isugue bila kukata. Msuguano huzaa joto, na joto likikaribia nyuzi 700 za Selsiasi, kobalti iliyobaki kati ya chembe za almasi hutanuka kuliko almasi yenyewe na kuipasua. Jino lililoanza kulika huzidi kulika.

Ili modeli itumike kazini, vipimo vya juu hugeuzwa kuwa namba mbili. Ya kwanza ni nishati inayotumiwa na mzunguko kuondoa ujazo fulani wa mwamba, kipimo kilichotokana na kazi ya Teale ya mwaka 1965. Ya pili ni uzito kwenye biti uliogawanywa kwa kina cha mkato na nusu kipenyo cha biti. Kina hicho ni kidogo mno: biti inayoshuka mita 10 kwa saa kwa mizunguko 120 kwa dakika hukata milimita 1.4 tu kila mzunguko. Namba hizo zikichorwa kwenye grafu, biti kali hukaa karibu na nukta moja, nukta ya ukataji. Biti inapolika ndani ya mwamba uleule, vipimo hupanda kufuata mstari mnyoofu, mstari wa msuguano. Mwamba ukibadilika, nukta na mstari vyote huhama. Hapo ndipo fundi anapotofautisha jino butu na jiwe gumu.

Tofauti hiyo ina gharama kubwa. Kubadilisha biti kwenye kisima cha mita 3,000 ni kutoa mabomba zaidi ya 300 yenye urefu wa kama mita 9 kila moja, kisha kuyarudisha yote. Siku ya kazi inaweza kupotea kwa biti iliyokuwa bado nzima.

Modeli ina mipaka yake. Tope la kuchimbia lisiposafisha vipande vya mwamba, vipande huganda kwenye biti na grafu huharibika. Biti za magurudumu, ambazo huponda jiwe badala ya kulikwangua, zinahitaji hesabu nyingine. Na anayetaka kuitumia hana budi kuanza kurekodi uzito na nguvu ya kuzungusha meno yakiwa mapya, kwa sababu nukta ya ukataji haipatikani kwa uhakika kutokana na vipimo vya biti iliyokwisha kulika pekee.